Miti iliyoangushwa na upepo Pemba: ichongwe nini, na lini

SWALI: Assalaamu alaykum, na shikamoo maalim. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Wiki mbili zilizopita upepo mkali wa masika uliezua nyumba kadhaa pamoja na paa la madrasa yetu, na ukaangusha minazi, mikarafuu, miembe na mifenesi. Vijana wetu wawili wamejifunza kuchonga nakshi huko Unguja mjini, na tumefikiri tuchonge vitu vya kuwauzia watalii ili fedha ziwasaidie waliopoteza nyumba. Mfanyabiashara mmoja pia amekuja, anataka kuyanunua magogo yote kwa mkupuo. Je, mpango wetu unafaa, tuanze na nini, na huyo mnunuzi tumjibu vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam, na marahaba mwanangu. Poleni nyote, na Mwenyezi Mungu awajaalie wepesi. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa pamoja na hayo matatu liko swali la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalowagombanisha msipolimaliza mapema: mti ulioanguka ni mali ya nani.

Mpango wenu unafaa, ila ningebadilisha utaratibu wake. Nyinyi mmefikiri kuchonga, kuuza, kisha kujenga. Mimi nashauri magogo manene yaliyonyooka yapasuliwe mbao za kuezekea nyumba zenu wenyewe, na kuchonga kubakie kwa vipande vilivyopinda, vyenye panda, vifupi au vyenye mafundo, ambavyo fundi wa paa asingevitumia hata mngempa bure. Gogo la mfenesi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.38. Likipasuliwa kwa msumeno wa injini na mtu anayejua kazi, hutoa mbao zisizozidi nusu ya ujazo huo, na mbao hizo zinaweza kupanda juu ya paa mwezi huu huu. Gogo hilo hilo wakipewa wachongaji wawili litawashughulisha kwa muda mrefu, na shilingi ya kwanza itaingia wakati familia zimekwisha kukaa chini ya maturubai msimu mzima. Tena mbao mnazopasua wenyewe ni mbao ambazo hamtalazimika kuzinunua baada ya kuvushwa bahari kutoka Bara.

Faida ya kuchonga iko katika muda unaofuata. Mche wa mkarafuu mnaoupanda leo hauanzi kutoa karafuu za maana kabla ya miaka sita au saba, na mnazi mrefu wa kienyeji nao unataka muda kama huo. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash, kiliangusha takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo imekuwa mzalishaji mkuu wa karafuu visiwani. Mwenye shamba wa Unguja aliyepanda upya baada ya maafa yale alikaa miaka mingi akitazama miche isiyompa kitu. Mwenye mikarafuu iliyolala chini shehiani kwenu yuko katika hali hiyo hiyo sasa, na kipato kidogo cha kila wiki kutokana na vitu vya mbao kinaweza kumvusha. Kwa hiyo msiifikirie kazi hii kama mchango wa mara moja wa kujenga nyumba. Ifikirieni kama ajira ya kipindi cha kungoja, na wanaopaswa kuingia mwanzo ni watu wa kaya zilizopoteza miti, hata kama hawajawahi kushika patasi.

Nataja kimbunga kile kwa sababu nyingine pia. Wapo wanaosema visiwa vyetu haviguswi kwa kuwa viko nyuzi 5 au 6 tu kusini mwa ikweta. Ni kweli kwamba vimbunga huwa nadra karibu na ikweta, lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi pwani ya Mafia. Utaratibu mtakaoupanga leo mtauhitaji tena, basi uandikeni.

Sasa hilo la umiliki. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: mtu anaweza kuwa na mikarafuu mitatu aliyorithi ndani ya shamba la mwenziwe, na ndugu watano wakawa na sehemu katika mwembe mmoja. Yapo mashamba ya eka tatu tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambapo aliyepewa ana haki ya kutumia lakini ardhi ni ya Serikali. Upo mti wa wakfu, ambao mapato yake hayawezi kuelekezwa popote ila kule alikokusudia mwenye kuweka wakfu, na hapo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa, si sisi mafundi. Na ipo miti ya barabarani. Kabla msumeno haujawashwa, piteni pamoja na sheha, mtieni kila gogo namba kwa rangi, na muandike daftarini aina ya mti, mahali ulipolala, mzingo wake, urefu wake na mwenyewe. Mwenye mti achague mbele ya mashahidi: achukue mbao zake, autoe sadaka, au auingize katika kikundi kwa sehemu maalumu ya mauzo. Bibi mjane aliyepoteza mfenesi mmoja amepoteza futari na ada ya skuli ya mjukuu, na si haki vijana wafike na kumwambia kwamba mti umeanguka kwa hivyo ni wa jamii.

Kuanguka kwa mti hakuondoi sheria pia. Rasilimali za misitu Zanzibar zinasimamiwa na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996, na kusafirisha magogo au mbao bila kibali cha Idara ya Misitu ni kujitafutia matatizo bandarini Wete au Mkoani. Mkarafuu una ulinzi wake zaidi, kwa kuwa ni zao la Serikali na la wananchi tangu zamani. Hata uliokwisha kung'oka, aje ofisa auone na aandike kwamba umeanguka wenyewe. Mikoko msiiguse kabisa. Ukanda wa mikoko ndio unaovunja nguvu ya mawimbi pwani kwenu, na ukiukata kwa ajili ya boriti za paa leo, mtaulilia siku ya dhoruba nyingine.

Kuhusu usalama nitakuwa mfupi, ingawa ndiko watu wanakouawa baada ya upepo kwisha. Shina lililolala huku limepinda lina nguvu iliyofungwa ndani yake: upande wa ndani wa upinde umebanwa, upande wa nje umevutwa. Anzeni kwa mkato wa kina kidogo upande uliobanwa, usiozidi theluthi ya unene, kisha malizieni taratibu upande uliovutwa, na mkataji asisimame pale ambapo gogo litarukia. Mti uliong'oka na mizizi yake unaweza kusimama tena ghafla mara tu shina likikatwa, hivyo asiwepo mtoto wala mtu mzima ndani ya shimo au nyuma ya kisiki. Waya ukiwa umenasa matawini, ngojeni Shirika la Umeme hata kama mnaambiwa umeme umekatika. Na kila mti wa uani upekuliwe misumari kabla ya msumeno kupita. Mwembe wa nyumbani huwa umebeba misumari ya kamba za nguo ya miaka mingi.

Liko jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Upepo unapolikunja shina kabla ya kuliangusha, nyuzi za upande uliobanwa hujikunja na kuvunjika kwa ndani bila kuonekana kwenye ganda. Pigeni randa ukanda mwembamba upande huo na muutazame kwenye jua la asubuhi: mkiona mistari myembamba kama mikunjo inayokata nyuzi kwa upana, kipande hicho kisiwe kenchi ya paa, ngazi, kasia wala mpini. Huvunjika ghafla, bila kulia kwanza. Kwa kibao cha nakshi cha kutundika ukutani hakina ubaya.

Kazi ya wiki hizi basi ni kuuokoa mti, na patasi za nakshi zibaki kabatini. Maji hutoka katika gogo kwa kasi kubwa zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na ncha zikikauka kabla ya tumbo, gogo hupasuka kwa miale kuelekea kiini. Siku ile ile ya kukata, zipakeni ncha zote rangi ya mafuta iliyobaki, nta au lami. Kisha pasueni kila gogo la kuchonga katikati, msumeno ukipita kwenye kiini chenyewe, kwa sababu mti unapokauka hunywea kwa kufuata duara la mviringo karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda nje, na gogo zima lisilo na njia ya kulegeza mvutano huo litajitafutia njia lenyewe. Mtu akichonga kinyago katika gogo zima lenye kiini chake, ufa hutokea usoni mwa kinyago baada ya kuuzwa, na lawama hubaki kwa mchongaji.

Vipande vipangwe juu ya matofali, mbali na udongo kwa ajili ya mchwa, na kati ya tabaka na tabaka kuwe na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Paa la makuti juu yake linatosha. Turubai la kufunga pande zote litawaoteshea ukungu. Mna bahati kwamba upepo ulikuja mwisho wa masika. Kusi ya kipupwe, kuanzia mnamo Juni, kwa hewa yake kavu kiasi na baridi yake, ndiyo wakati mzuri wa kukausha mbao bila kuzipasua, na vitu vyembamba vitakuwa tayari kabla ya wageni wa Disemba. Ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene imetoka nchi za baridi, wala haiwalazimu. Chukueni kipande kimoja katika kila rundo, mkipime kila Ijumaa kwenye mizani ya duka, na muandike. Kikikaa wiki tatu bila kupungua uzito, rundo hilo limekauka kwa kadiri ya hewa ya pwani yetu, ambayo hubakiza unyevu wa karibu asilimia 15 ndani ya mbao. Mti mbichi huanza na asilimia 60, 80, hata zaidi ya 100 ya uzito wa mbao kavu.

Kama magogo ni mengi kuliko misumeno, yanayosubiri yawekwe majini au yamwagiwe maji daima. Sweden, baada ya dhoruba ya Januari 2005 iliyoangusha mamilioni ya miti kwa usiku mmoja, walirundika magogo na kuyanyeshea maji, kwa kuwa mti uliojaa maji hauna hewa ya kutosha kwa ukungu na wadudu. Kwenu bwawa la maji baridi lingefaa. Baharini sikushaurini, na muulizeni nahodha yeyote wa mashua kwa nini. Wadudu wanaotoboa vyombo hawachagui kati ya mashua na gogo.

Mpangilio wa haraka ni huu. Mwembe ndio unaoharibika upesi kuliko yote: huingiwa na weusi na ukungu ndani ya wiki chache, na dumuzi, wadudu watoboao mbao, huupenda. Umekwisha kulala wiki mbili, basi upasuliwe kwanza. Ubao wake ni mwepesi kuchongeka na una rangi ya kupendeza, tena ndio uliotoa mitumbwi mingi ya pwani hii, kwa hivyo kabla ya kukata shina kubwa lililonyooka, waulizeni wavuvi waliopoteza vyombo. Mtumbwi mmoja ukirudi baharini huleta kitoweo kila siku, na hakuna sanaa ya kumuuzia mtalii itakayoshindana na hilo. Vumbi la mwembe na la mkorosho huwasha ngozi za baadhi ya watu; wajifunge kitambaa puani.

Mfenesi unaweza kungoja, na huo ndio hazina yenu. Moyo wake wa manjano hustahimili mchwa vizuri, hugeuka hudhurungi kadiri unavyopata mwanga, na mafundi wa milango ya nakshi wameutumia Unguja vizazi na vizazi. Sehemu nyeupe ya nje haina uimara huo, iondoeni. Ulimbo wake hunata kwenye meno ya msumeno mpaka ukakwama. Kitambaa chenye mafuta ya taa kikipitishwa kila baada ya mikato michache hutosha. Panda za mfenesi, pale tawi kubwa linapoachana na shina, zina nyuzi zilizosokotana ambazo fundi wa mbao huzitupa kuni na mchongaji huzitafuta. Zisiuzwe.

Mkarafuu ni mgumu na mzito, lakini mara nyingi mashina yake ni membamba na hupasuka ukikaushwa kwa vipande vikubwa. Ukateni vipande vifupi, muupasue mapema, na muutumie kwa michi, vipini vya patasi na vitu vidogo vya mkononi. Mkwaju, kama umeanguka wowote, ni wa vinu. Msufi ni mwepesi mno kwa chombo cha matumizi. Mbuyu hauna mbao kabisa, na kama baadhi ya mizizi yake bado iko ardhini uacheni. Mara nyingi huchipua tena ukiwa umelala.

Mnazi unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndio mwingi na ndio unaodharauliwa. Si mti wenye duara za miaka na moyo mgumu. Mambo yake yamegeuzwa, ugumu uko nje na katikati ni laini. Ukanda wa nje wa sehemu ya chini ya shina, kutoka kisikini hadi mita chache juu, hutoa mbao nzito zinazofaa kenchi na nguzo za ndani, ilhali katikati na kileleni hakufai kubeba mzigo wowote. Nakshi nyembamba haikai juu yake, kwa kuwa nyuzi hunyanyuka chini ya patasi, lakini bakuli, kibao cha kukatia mboga au mwiko mnene wa mnazi uliosuguliwa kwa msasa una madoadoa ya kahawia ambayo hayapatikani katika mti mwingine. Hunyima msumeno makali, basi tupa iwe karibu. Baada ya Kimbunga Haiyan cha Novemba 2013, Ufilipino walibaki na mamilioni ya minazi iliyolala, na moja ya kazi kubwa ya kujijenga upya ilikuwa kuvisambazia vijiji misumeno ya kuipasua mbao za nyumba. Walikuwa na haraka yenye sababu ambayo inawahusu nanyi: gogo la mnazi linalooza ndilo zalio la chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa vilele. Mkiiacha minazi iliyoanguka ioze shambani, baada ya muda chonga atatoka humo na kumaliza minazi iliyosalimika. Kwa hivyo sehemu laini isiyo na kazi ichomwe au ikatwekatwe na kukaushwa, isiachwe.

Nije kwenye vitu vya kuchonga. Maduka ya Unguja mjini yamejaa twiga na simba wa mbao, wanyama ambao hakuna hata mmoja wao aishiye Pemba, na wachongaji wa Bara wanawatengeneza kwa bei ambayo hamtaiweza. Msishindane huko. Anzeni na mbuzi za kukunia nazi, miko, vyano, vinu vidogo vya bizari, mabao ya kuchezea na marufaa za kuwekea msahafu. Mnunuzi wa kwanza wa vitu hivi hayuko hotelini: nyumba iliyoezuliwa imepoteza na vyombo vya jikoni, na soko la Wete na la Chake Chake hununua mbuzi ya nazi mwaka mzima, watalii wawepo wasiwepo. Kazi hizi pia anaweza kuzijifunza mtu mpya kwa shoka, tezo, patasi na bobari, na Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji kinafaa kuombwa msaada wa mafunzo na mashine.

Wale vijana wenu wawili wapewe mfenesi mkavu na waachiwe nakshi. Mlango mzima wasiuguse mwaka huu, kwa sababu miimo ya pembeni na mfaa wa katikati hutaka ubao mnene uliokauka muda mrefu, na mteja wa mlango hulipa akishaufunga mlango wake. Watengeneze vibao vya upana wa shubiri moja au mbili vyenye michoro ya milango yetu, yungiyungi, mnyororo, samaki na mtende, ambavyo mgeni ataweza kuvitia katika sanduku lake. Udogo huo una sababu ya kiufundi vilevile. Kitu kilichokauka kwa hewa ya Micheweni kikipelekwa katika chumba chenye kiyoyozi, au katika nyumba yenye joto la mashine wakati wa baridi ya Ulaya, hupoteza unyevu zaidi na kunywea tena. Kibao cha unene wa sentimita mbili kitavumilia, lakini bakuli zito lenye kiini litapasuka.

Miko na vyano vinaweza kuanza hata sasa, mti ukiwa mbichi, na kwa kweli mti mbichi huchongeka vizuri zaidi. Mchongaji alitoe umbo la awali akiliacha nene kuliko atakavyo, kwa chano au bakuli kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wake, alifukie ndani ya magamba makavu ya randa kivulini, kisha arudi kulisafisha likishakauka na kujipinda linavyotaka. Vitu vidogo vikichemshwa kabla ya kukaushwa, mabuu ya dumuzi yaliyomo hufa. Msiache ganda la mti kwenye kitu chochote cha kuuziwa mgeni. Nchi kama Australia hukagua sana vitu vya mbao mpakani, na ganda au tundu la mdudu linatosha kumfanya mtu anyang'anywe alichokinunua. Kwa kumalizia, vyombo vya chakula vipakwe mafuta ya nazi au nta ya nyuki. Oili chafu ya gari isikaribie mwiko, na sifa, yale mafuta ya papa, ibaki kwenye mashua ilikozoea.

Kama ipo miti iliyokufa wima kwa sababu maji ya bahari yalifika mizizini, si lazima yote iangushwe. Galveston, huko Texas, dhoruba ya Ike mwaka 2008 iliingiza maji ya chumvi yaliyoua maelfu ya miti ya mitaani, na baadhi ya mashina yalichongwa yakiwa yamesimama pale pale mbele ya nyumba, mpaka watu wakawa wanakwenda kuyatazama. Kwenu shina moja la mfenesi mbele ya skuli lingefaa, kwa idhini ya mwenyewe. Zaidi ya moja au mawili ni kujifurahisha, maana mchwa wetu si mchwa wa Texas.

Katika kuuza, kitakachowatofautisha ni ukweli wa asili ya mbao. Fundi wa fidla wa Japani, Muneyuki Nakazawa, alitengeneza fidla kutokana na mbao zilizosombwa na tsunami ya Machi 2011 huko Rikuzentakata, na wanamuziki wengi wamepokezana kuipiga. Ingekuwa imetengenezwa kwa mbao za dukani, isingekuwa na thamani hiyo hata ingelia vizuri zaidi. Basi kila kitu kiwe na namba ile ile ya gogo iliyoko daftarini, na kikaratasi kinachotaja aina ya mti, shehia na msimu ulioanguka. Namba za magogo yaliyookolewa zikiisha, kikaratasi hicho kikome. Mkiendelea kuuza mbao za kununua kwa jina la dhoruba, mtakuwa mnawauzia watu maafa ya jirani zenu kwa uongo, na zaidi ya hapo kuna hatari kwamba mtu atashawishika kukata mti mzima kisha aseme umeanguka.

Mgao wa fedha uamuliwe kabla ya kitu cha kwanza kuuzwa. Ushauri wangu ni nusu kwa mchongaji, sehemu moja ya tano kwa mwenye mti, na inayobaki kwa mfuko wa matengenezo na miche. Najua wapo watakaosema vijana wajitolee. Kijana ambaye paa la mama yake limeondoka hawezi kujitolea miezi mitatu, na akijaribu ataacha kazi katikati au ataanza kuuza vitu vya kikundi kwa mlango wa nyuma. Atakayeshika daftari asiwe ndiye anayeshika fedha, mmoja wa waweka saini awe mwanamke kutoka kaya iliyoathirika, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Sehemu ya miche isisogezwe kwa dharura yoyote. Pandeni masika yajayo, pamoja na mifenesi kadhaa ambayo hakuna hata mmoja wenu atakayeichonga. Msaada wa maturubai na chakula utafutwe kwingine, kupitia sheha na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ili mfuko huu mdogo usimezwe na mahitaji usiyoweza kuyatimiza.

Amebaki mnunuzi wenu. Kuuza si kosa, na yapo magogo ambayo ni heri ayachukue kuliko yaoze. Kosa ni kuuza kwa mkupuo, kwa kukisia kwa macho au kwa kuhesabu safari za lori. Chukueni mzingo wa katikati ya kila gogo kwa mita, muuzidishe kwa wenyewe, mzidishe kwa urefu, kisha mgawe kwa 12.57, hizo ndizo mita za ujazo, na hapo bei iwe ya mita ya ujazo kwa kila aina ya mti. Gogo la mzingo wa mita 1.26 na urefu wa mita 3 litawapa ile 0.38 niliyoitaja mwanzo. Mpeni miembe ambayo hamtaiwahi kuipasua wiki hii, na minazi iliyozidi mahitaji ya mapaa yenu. Mfenesi asipate hata kipande. Panda, visiki na mabaki ya ncha yabakie kwenu kwa maandishi. Alipe kabla ya kupakia, na kibali cha usafiri kiwe kwa jina lake, si la kikundi. Akisema anataka yote au hataki kabisa, mwambieni mtamjibu orodha ya sheha ikikamilika, kwa sababu mpaka wakati huo hamna hata gogo moja ambalo ni haki yenu kuliuza.